Injini Iliyokaa Vyumba Vitatu

Mtu aliyekuja kuiulizia injini alikuwa fundi wa majeneza. Aliitwa Arsenio Batallán, na mtaani kwetu Guanabacoa hapakuwa na asiyemjua, maana karibu kila nyumba ilikuwa imempa kazi angalau mara moja. Alifika Jumanne asubuhi, Agosti ya mwaka ule wa tisini na nne, akasimama mlangoni kwa Eladio Sotolongo kofia mkononi. Obdulia, mke wa Eladio, alipomwona alishika fremu ya mlango.

"Hatujafiwa, Arsenio."

"Najua, mama. Leo nina shida nyingine. Nimesikia mna injini ya Chevrolet."

"Tunayo. Sijui kama utaiita injini. Ingia uione mwenyewe."

Ilibidi atembezwe, kwa sababu injini ile haikuwa mahali pamoja. Eladio aliifungua miaka miwili na nusu nyuma, petroli ilipokatika kabisa, akasema anabadilisha ringi za pistoni tu na kazi yenyewe ni ya wiki mbili. Ringi hazikupatikana. Bloku ilikuwa jikoni, imetandikwa kitambaa cha maua, na Obdulia alichagulia mchele juu yake. Silinda hedi ilikuwa uvunguni mwa kitanda chao. Pistoni sita zililala katika droo ya nguo za ndani, kila moja imevishwa soksi. Valvu zilisimama kwa namba kwenye ubao wenye matundu, chumbani kwa binti yao. Na kranki, lile fito zito lenye viwiko ambalo pistoni hulizungusha, lilining'inia wima ndani ya kabati la nguo, katikati ya koti la harusi la Eladio na magauni matatu ya mkewe. Eladio alisema kranki likilazwa muda mrefu hupinda.

Arsenio alilitazama lile fito limening'inia gizani, linang'aa kwa oili, akanong'ona kama yuko kanisani. "Safi sana."

"Kila mwezi linapakwa oili," Obdulia alisema. "Oili ya kukaangia hatuna, ila ya hilo haikosekani."

Waliporudi jikoni, Eladio aliingia kutoka uani, alikokuwa anaziba pancha ya baiskeli ya jirani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, na mikono iliyobaki mikubwa mwili ulipopungua. Alimsalimu mgeni, akangoja.

"Ikiwa imefungwa yote, ina uzito gani?" Arsenio aliuliza.

"Kilo mia mbili na hamsini, pamoja na oili."

"Na maji ya kupozea, lazima yawe safi? Au hata..."

"Hata nini?"

"Hata maji yoyote."

Eladio alimwangalia vizuri. Mtu mwenye gari huuliza habari za giaboksi, huuliza injini inakunywa kiasi gani mlimani. Huyu alikuwa ameuliza uzito na maji.

"Gari lako lina magurudumu mangapi, Arsenio?"

Fundi wa majeneza alizungusha kofia vidoleni. "Halina hata moja, fundi."

Wiki ile hakuna aliyekuwa anaficha. Serikali ilikuwa imesema anayetaka kuondoka kisiwani kwa bahari kwenda kwa Wamarekani hatazuiwa, na tangu siku hiyo barabara ya kuteremkia pwani ya Cojímar ilipitisha mikokoteni ya mbao, mipira ya matrekta, mapipa yaliyofungwa kamba, milango ya watu. Watoto waliyakimbilia kama wanavyokimbilia bendi.

"Dola mia na ishirini," Arsenio alisema. "Na debe la mafuta ya nguruwe. Mradi injini ipatikane wiki hii."

Obdulia alimtazama mumewe tu, na kila aliyekuwemo jikoni mle alielewa mtazamo ule.

"Haiuzwi," Eladio alisema. "Ni ya gari lile pale."

Gari lile pale lilikuwa uani, la mwaka hamsini na mbili, rangi ya maziwa na kijani, boneti wazi na tumbo tupu. Kila alasiri Eladio alikwenda kukaa kwenye usukani, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje, akafumba macho. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

* * *

"Jana Hortensia aliipima sabuni," Obdulia alisema, mgeni alipokwisha kuondoka. Alikuwa amerudi kwenye mchele wake. Hortensia alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwenye kaka aliyemtumia dola kutoka nje, na Obdulia alimfulia mashuka kwa malipo ya kipande cha sabuni kila wiki.

"Aliipima vipi?"

"Kwa mizani ya jikoni. Kabla sijaanza, na nilipomaliza akaipima tena. Akasema, 'Usinielewe vibaya, shoga, nataka tu kujua inaliwa kiasi gani.' Inaliwa, Eladio. Kama mimi naila."

Eladio alikaa kwenye kigoda. Alitaka kusema asirudi tena kwa Hortensia, lakini hakuwa na kitu cha kuweka mahali pa maneno hayo. Mshahara wake wa karakana ya mabasi, ukiubadilisha kwa vijana wa pembeni, haukufika dola mbili kwa mwezi, na basi lenyewe la mwisho lilikuwa limesimama tangu Machi.

"Dola mia na ishirini," Obdulia aliendelea, taratibu, bila ukali. "Wewe unalala juu yake. Mimi nachagua mchele juu yake. Mtoto anavaa nguo zenye harufu yake. Tunaishi ndani ya injini, na hatuendi popote."

"Petroli itarudi."

"Ikirudi nitakuwa nimekufa, na Arsenio ndiye atakayepata kazi."

Alisema hivyo kwa utani, na Eladio akacheka kidogo, lakini wote wawili waliendelea kuiangalia bloku chini ya kitambaa cha maua. Kila mmoja aliona kitu chake. Mmoja aliona barabara ya Matanzas wakati wa baridi, vioo vyote wazi, na mwanamke kando yake amefunga kitambaa kichwani. Mwingine aliona jozi ya viatu, sabuni nzima isiyo ya mtu mwingine, na nyama.

* * *

Binti yao Mayelín alirudi saa kumi na moja, kwa miguu kutoka kliniki. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Malighafi ilikuwa imekwisha tangu mwaka uliopita. Kilichobaki maabara kwao kilikuwa rafu mbili za vinywa vya plasta, vya watu waliopimwa wakaambiwa wangoje, kila kinywa na jina lake. Alikwenda kila siku, akavifuta vumbi, akarudi.

Aliosha miguu, akakaa mezani. "Arsenio alikuja?"

"Umejuaje?" mama yake aliuliza.

"Mimi ndiye niliyemtuma."

Obdulia hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kuchagua, lakini sasa alikuwa anaweka mawe upande wa mchele na mchele upande wa mawe.

"Mko wangapi?" Eladio aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Nani kati yenu anajua bahari?"

"Kuna mmoja alifanya kazi melini."

"Kazi gani?"

Mayelín alisita. "Mpishi."

"Mpishi," Eladio alirudia. "Na injini nani anaijua?"

Nje mtu alipita akiita wenye chupa tupu. Mayelín aliinamisha kichwa, na nywele zilizoanguka usoni zilikuwa zile zile alizokuwa nazo akiwa na miaka saba, alipokuwa anakaa uani na bakuli la mafuta ya taa akiosha nati za baba yake moja moja.

"Ungetuambia lini?" mama yake aliuliza.

"Leo. Nilitaka Arsenio awape kwanza hizo dola. Nilitaka niwaache na kitu."

"Ungetufanya tuuze injini yetu wenyewe ili uondoke nayo."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tungefurahi kwa debe la mafuta."

"Mama, natengeneza meno ya watu wasio na cha kutafuna. Hata hayo siyatengenezi. Nifanye nini?"

Obdulia aliumwaga mchele wote pamoja, mawe na kila kitu, akaanza kuuchagua upya. Chozi halikumtoka. Alisema tu kwamba maji ya kuoga yapo kwenye ndoo na asiyamalize.

* * *

Kesho yake Eladio alikwenda kwenye kiwanda cha majeneza. Mashua ilikuwa imesimama kwenye magogo nyuma ya ghala, mita saba, imejengwa kwa mbao za msonobari ambazo kila mtu alijua zilikusudiwa nini, na ubavuni imevishwa mabati ya paa yaliyopakwa lami. Eladio aliizunguka mara mbili, akaigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole. Hakutaka kukiri, lakini ilikuwa kazi nzuri. Arsenio alijua kuunga mbao zisipitishe kitu.

"Nisipokuuzia, mtafunga nini?"

Arsenio alimwonyesha. Ilikuwa injini ya pampu ya kumwagilia mashamba, silinda moja, imeshonwa kwa waya. Aliivuta kamba mara tisa. Ilipowaka, ilitetemeka hadi ikasogea yenyewe sakafuni kama mbuzi anayeburutwa, ikakohoa moshi mweusi, ikazima.

"Hiyo itawafikisha pale ambapo bado mnasikia muziki wa Cojímar," Eladio alisema.

"Ndiyo maana nilikuja kwako, fundi."

"Mngeondoka nayo hiyo hiyo, lakini."

"Tungeondoka nayo."

Eladio alikaa kwenye jeneza lisilo na kifuniko. Kuna kitu alichokuwa amekilinda miaka miwili na nusu. Alikipaka oili, akakivisha soksi, akakinyima mke wake. Alijiambia anakilinda kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo aliijua kwa rangi zake zote, hata upepo wake aliujua. Binti yake alikuwa ndani ya siku ile, kiti cha nyuma, amelala. Sasa alijaribu kuiona siku hiyo akaona kiti cha nyuma kitupu, na injini inaunguruma vizuri kabisa.

"Sikuuzii," alisema. "Naifunga mwenyewe. Injini mnaichukua, bei yake ni hii. Binti yangu akae katikati, karibu na injini, kwenye ubao wa juu. Si mbele wala nyuma. Na yeye ndiye atakayeishika. Mwingine yeyote asiiguse, hata wewe."

"Na dola?"

"Dola nunueni petroli na maji. Sichukui pesa kwa kitu atakachokalia mwanangu."

Aliporudi akamweleza Obdulia. Obdulia alisikiliza mpaka mwisho, akavua aproni, akavaa viatu vya kutokea, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi baada ya saa moja, amebeba debe la mafuta ya nguruwe kichwani, jasho linamtiririka, mbele ya macho ya mtaa mzima.

"Wewe ni mtu wa heshima," alimwambia mumewe akilitua. "Mimi napika."

* * *

Zilikuwa siku sita. Baadaye Obdulia alipozikumbuka hakuweza kuzipanga vizuri, ipi ilikuwa ya kwanza na ipi ya nne, zilikuwa zimeyeyukiana. Alikumbuka harufu ya mafuta ya nguruwe na mafuta ya taa pamoja. Alikumbuka mumewe na binti yake wamepiga magoti uani juu ya shuka jeupe, vichwa vinagusana, wanapeana vitu vidogo bila kuongea, kama watu wanaokula sahani moja.

Ringi zilitoka kwa dereva wa trekta, kwa kubadilishana na gurudumu la akiba. Hazikuingia. Eladio alizisugua kwa jiwe la kunolea siku nzima, moja moja, akizipima kwa unywele aliong'oa kichwani mwake. Kilichomshinda kilikuwa vikombe vya kranki. Kranki la injini za namna ile hulala juu ya metali nyeupe, laini, ambayo humiminwa ikiwa ya moto, na yake ilikuwa imepasuka kwenye viwiko viwili.

"Nani anamimina metali siku hizi," alisema. "Wote walikwisha kufa."

Mayelín alikigeuza kipande kilichopasuka mkononi, akakigusa kwa ukucha. "Hii inayeyuka kabla ya dhahabu."

"Kabla sana."

"Basi mimi namimina. Tunamimina vikombe vya kuvisha meno, baba. Hiki ni jino kubwa tu."

Walikwenda maabara Jumamosi mchana. Mkuu wa kazi wa Mayelín, mwanamke mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu, aliwafungulia mlango, akaona kranki limefungwa blanketi begani kwa Eladio, akasema ana kichwa kinamuuma na atakwenda kukaa barazani. Mayelín aliwasha tanuri dogo. Alitengeneza kalibu kwa plasta ile ile ya vinywa, akaikausha, akayeyusha. Metali iliwaka kama mwezi ndani ya bakuli. Eladio alisimama kando, na kwa mara ya kwanza maishani alimwona binti yake akiwa kazini. Aliona mkono wake hautetemeki. Aliona anavyobana pumzi anapomimina, na anavyoiachia baadaye, polepole, kwa pua. Kutoka rafuni vinywa vyote vile vilikuwa wazi vinawatazama.

"Umejifunza wapi hiyo ya kubana pumzi?" alimuuliza.

"Kwako. Unafanya hivyo hivyo."

Hakuwa anajua.

Nyumba ikaanza kubaki tupu. Pistoni zilitoka drooni, na soksi zikafuliwa. Ubao wa valvu ulitoka chumbani. Siku bloku ilipotolewa jikoni, na wanaume wanne, sakafuni ilibaki alama ya mstatili mweupe, na Obdulia alisimama na sinia la mchele mkononi hajui aliweke wapi. Kabatini magauni yake yalikuwa yamesogeleana, yakagusa koti la harusi.

Jumapili alasiri waliiwasha, imefungwa kwenye magogo uani, rejeta imeunganishwa na mpira wa bustani. Eladio alimpa Mayelín hendeli ya kuzungushia. "Dole gumba upande mmoja na vidole vingine. Ikirudi nyuma itakuvunja mkono." Alizungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu injini ilivuta pumzi ndefu, ikakohoa, ikawaka.

Watu walitoka majumbani. Tulikuwa tumezoea mtaa usio na sauti, baiskeli na viatu tu, na sasa kulikuwa na ule mngurumo mzito, laini, unaofika miguuni kupitia sakafu. Hortensia alisimama mlangoni kwake mkono kifuani. Mzee mmoja alivua kofia, kisha akaona aibu akaivaa tena.

"Usisikilize kelele," Eladio alimwambia binti yake sikioni. "Kelele ni ya wengine. Sikiliza chini yake. Unasikia pistoni sita?"

"Nasikia sita."

"Zikiwa tano, angalia plagi. Ikianza kugonga kama mtu mlangoni, punguza, ongeza oili, usiogope. Usiiache ikimbie. Hii inataka kutembea."

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Eladio alimwona mkewe amekaa peke yake kwenye gari, kiti cha abiria. Alikwenda kukaa kwenye usukani. Walikaa hivyo, boneti wazi mbele yao.

"Ungeweza kukataa," Obdulia alisema. "Ungeweza kuivunja kwa nyundo. Nilingoja uivunje."

"Ingekuwa ile pampu, Obdulia. Angekwenda na ile pampu."

"Najua. Ndiyo maana sikuivunja mimi."

* * *

Waliondoka Jumatano saa nne asubuhi, Cojímar, mbele ya umati. Pwani nzima ilikuwa na watu wanaosukuma vitu majini, na wengine waliokuja kutazama, na mwanamke aliyeuza kahawa kwa vikombe vya makopo. Bahari ilikuwa shwari kama shuka.

Mashua ya Arsenio ilielea vizuri, ikashuka kidogo watu walipopanda. Mayelín alikaa kwenye ubao wa juu, karibu na injini, kama ilivyokubaliwa. Mama yake alikuwa amemshonea suruali yenye mifuko ya ndani. "Usinywe maji yote siku ya kwanza," Obdulia alimwambia, akamrekebisha kola, akairekebisha tena.

Kabureta ilikuwa inasumbua. Eladio aliparamia mashua, akainama, akaigusa hapa, akasikiliza. Wanaume walikuwa wamekwisha kuanza kusukuma. Kutoka ufukweni Obdulia aliona maji yanawafika magotini, kiunoni, na mumewe bado ameinama ndani, mgongo umegeuka. Aliona Arsenio anamwinamia na kumwambia kitu. Hakusikia, lakini alijua ni nini. Mashua yenye fundi ni mashua nyingine.

Eladio aliinua kichwa. Alitazama mbele, kaskazini, ambako hapakuwa na kitu ila mwanga. Obdulia hakumwita. Alikuwa na miaka thelathini na minne ya ndoa, na aliona kwamba akimwita angerudi, na kwamba asingependa arudi kwa kuitwa.

Kisha Eladio alimshika binti yake kichwani kwa mikono yote miwili, mikono yenye grisi, akamwacha na alama nyeusi mashavuni, akarukia majini na viatu. Maji yalimfika kifuani. Alitoka taratibu, akaja kusimama kando ya mkewe, analowesha mchanga.

"Alikuambia nini?"

"Kwamba kuna nafasi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema viatu vimelowa tayari."

Walisikiliza. Mngurumo ulisikika muda mrefu baada ya mashua kuwa nukta, na Eladio alihesabu midomo ikicheza, sita, sita, sita, mpaka upepo ulipogeuka.

* * *

Redio ya ng'ambo ilisoma majina ya waliofika kila adhuhuri, na kwetu ilisikilizwa kwa sauti ya chini kwa Hortensia, maana yeye alikuwa na betri. Obdulia alikwenda kila siku. Hortensia alimpa kiti, hakutaja tena sabuni. Majina yalikuja kwa mamia, Septemba yote, na la Mayelín halikuwemo. Eladio hakwenda. Aliziba pancha. Mara kadhaa aliacha kazi katikati, akatazama mikono yake, akakumbuka bolti moja ya silinda hedi, ya nne kutoka mbele, akajiuliza kama aliikaza mara ya mwisho au alidhani tu ameikaza.

Barua ilifika Oktoba, karatasi mbili, kutoka kambi ya Wamarekani kule Guantánamo. Mayelín alikuwa mzima. Alikuwa anaishi hemani na maelfu ya wengine, nyuma ya waya, katika kisiwa kile kile, safari ya treni kutoka kwao kama pangekuwa na treni. Obdulia alipolielewa hilo alikaa chini. "Amekwenda kote huko," alisema, "amefika Guantánamo."

"Amefika," Eladio alisema. Alitafuta miwani, akasoma kwa sauti, kidole chini ya mistari. Mayelín aliandika kwamba injini haikugonga hata mara moja. Kwamba wengine walitapika, yeye hapana, alikuwa na kazi. Kwamba jua lilipoanza kushuka meli kubwa ya kijivu ya Wamarekani iliwafikia, ikawateremshia ngazi ya kamba, nao wakapanda mmoja mmoja, na Arsenio alilia kama mtoto kwa ajili ya mashua yake.

"Nilibaki mimi wa mwisho," Eladio alisoma. "Askari akanionyesha kwa mkono kwamba niizime. Nikaweka kidole kwenye swichi, baba, nikashindwa. Ilikuwa inatembea vizuri mno. Usukani tulikuwa tumeufunga kwa kamba tangu mchana, nikapanda ngazi nikaiacha hivyo hivyo. Wakapiga kelele, lakini ilikuwa imekwisha kuachana na meli. Ikaenda zake. Tulisimama wote pembeni tunaitazama, na wale askari pia, mpaka ikawa ndogo. Nilikuwa bado nasikia sita."

Eladio alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Petroli ilikuwa imebaki?" Obdulia aliuliza.

"Zaidi ya nusu pipa." Alifikiri. "Na mzigo umeshuka, watu kumi na mmoja. Ingekunywa kidogo. Usiku kucha ingekwenda."

"Mpaka kule?"

"Kama kamba ilishika. Kama mkondo haukuivuta sana. Alfajiri, labda."

Obdulia alitazama dirishani. Hakuwa amewahi kuiona pwani ile ya ng'ambo hata kwenye picha, lakini sasa aliiona, mchanga umelowa, hakuna mtu ila mmoja aliyeamka mapema anatembea na viatu mkononi, na kutoka kwenye ukungu inatokea mashua ya mbao za majeneza, tupu, taratibu, inakuja kwa sauti nzuri.

"Atashangaa, huyo mtu," alisema.

"Nani?"

"Yeyote yule." Alivuta kigoda karibu na mumewe, akaweka mkono juu ya goti lake. "Soma tena pale inapoondoka."

Eladio akavaa miwani, akarudi juu ya ukurasa, akapatafuta pale kwa kidole, akasoma.